Mbuzi Aliyelamba Ukuta

Kwako Mwanaheri, mwanangu,

Salamu hizi zitakusubiri. Leo wewe wajua herufi nne tu, na mbili kati ya hizo wazichanganya, kwa hiyo sina haraka. Barua hii naikunja chini kabisa ya mkoba wa nguo zako, na siku utakayoweza kuisoma bila kusaidiwa ndiyo siku yake. Usimpe mtu akusomee. Mna mambo humu sijapata kumwambia mtu, na mimi, wajua, hata kumwambia mwenye duka kwamba nataka chumvi hunichukua muda.

Alasiri imepita. Bibi amekuchukua kwa majirani ukaagane nao, nami nimebaki uani na kalamu. Kesho alfajiri punda wa shangazi yako watapakiwa mizigo, nawe utakwenda Takaungu kwa baba yako. Umekaribia miaka saba na sheria iko upande wake. Sitakuandikia habari za kusuka nywele, wala kuoga, wala kuamkia watu wazima. Hayo Takaungu wanayajua, na Shangazi Rukia atakufunza hata yale asiyoulizwa. Nitakuandikia habari ya ukuta, na ya mbuzi, na ya mama yako. Kwangu ni habari moja.

Naandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama baba yangu alivyonionyesha kabla hajafa. Kiarabu chenyewe nilikisoma chuo cha Kurani, nikakipenda, kwa sababu katika Kiarabu hakuna aliyenitaka niseme langu. Nilitakiwa nisome tu. Katika Kiswahili kila mtu anangoja useme, na mimi nikingojewa hukauka.

Wewe waniita mama. Wajua kwamba aliyekuzaa ni dada yangu Zainabu, maana kila Ijumaa twamsomea. Usichokijua ni namna alivyokuwa. Alikuwa msemaji wa nyumba hii. Alisema yake na yangu. Mgeni akiniuliza jina, Zainabu alijibu. Nikikosa, aliomba radhi kwa niaba yangu, kisha akanifinya. Alipobeba mimba yako yeye alikuwa na miaka ishirini na mimi kumi na miwili, na baba yako, Bwana Salimu, alikuwa akija na kwenda kati ya hapa na Takaungu kwa kazi zake.

Huo ukuta wa uani, upande wa kisima, ndio wenyewe. Chokaa yake ni laini, maana unyevu wa kisima huipata. Mimba ilipokuwa kubwa, Zainabu alikuwa akikaa pale juu ya mkeka, mgongo ukutani, na ukucha wake ukifanya kazi. Alikwangua chokaa kidogo, akaiweka kiganjani, akailamba. Mbele yangu hakujificha.

"Usinitazame hivyo, Mishi," akaniambia. "Ni tamu kuliko haluwa."

"Ni ukuta, dada."

"Basi niache nile nyumba ya bibi yangu. Wewe utabaki na paa."

Wakati huo chakula chake kilikuwa hiki: uji, muhogo, wali, chai. Samaki alikatazwa, kwa kuwa mtoto atatoka na ngozi ya magamba. Mayai alikatazwa, kwa kuwa mtoto atatoka na upara. Maziwa alipewa mafunda mawili, kwa kuwa mtoto atakuwa mkubwa na kumshinda kumtoa. Bibi hakuwa mkatili, Mwanaheri. Alimpa mjukuu wake kile alichopewa yeye na mama yake, na kwa mapenzi, na kila kijiko alikipulizia kwanza kipoe. Wewe wapajua hapa. Hakuna mtu aliyepata kuumizwa kwa makusudi katika nyumba hii. Ndiyo sababu nimechelewa sana kukasirika.

Nami nilikwenda nikasema.

Nakuandikia kwa nini, maana hilo ndilo gumu. Haikuwa kwa kumhofia dada yangu. Nilikuwa mtoto asiyekuwa na neno la kumwambia mtu, na siku ile nikawa nalo. Nilimkuta Bibi akichambua mchele, nikakaa kando yake, nikamwambia, "Zainabu anakula ukuta." Bibi akaacha ungo, akanigeukia mwili mzima. Hakuna mtu aliyewahi kunigeukia hivyo. Nikamweleza yote: ni upande gani, saa ngapi, kwa ukucha upi. Akaniambia, "Umefanya vyema, mwanangu," nikashiba neno hilo siku nzima.

Bibi akaloweka shubiri, akaupaka ukuta kutoka chini mpaka kimo cha mtu aliyekaa. Zainabu alipokuja alasiri, akatia ukucha, akalamba, akatema. Akatazama ukuta, kisha akatazama huku na huku, macho yakanikuta mlangoni.

"Ni wewe?"

Nikarudi hatua moja nyuma ya mlango.

"Haya," akasema. "Siku uliyopata ulimi, ndiyo siku uliyoupeleka kwa Bibi." Akacheka. Hakunigombeza wakati ule wala baadaye. Chokaa hakuila tena. Ilikuwa imebaki miezi miwili azae.

Ulipozaliwa alianza kutetemeka. Vidole vyake vilikunjika vyenyewe, vikajibana, kama mtu aliyeshika sindano asiyotaka kuiachia. Mkunga akasema ni shetani. Mwalimu akaitwa, akasoma nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa nimekushika wewe, umefungwa kanga, mwepesi, unalia kwa sauti ambayo ilibidi mtu ainame aisikie. Kesho yake kabla ya adhuhuri dada yangu alikuwa amekwisha kufa, na vidole havikuwa vimekunjuka.

Sisemi kwamba chokaa ingemponya. Mimi si tabibu na Mungu ndiye ajuaye. Nasema kwamba mwili wake uliomba kitu kwa njia uliyoijua, na mimi nikaenda kuuziba mdomo.

Jirani mmoja alikunyonyesha mpaka zikapita siku arubaini, kisha maziwa yake yakapungua na mwanawe naye analia. Ndipo Bibi akapeleka habari Kakuyuni kwa Mekadzo. Huyu ni yule mama wa Kigiriama anayetuletea kuni; wewe wamjua kwa ndizi zake. Jina lake la kuzaliwa silijui, kwao mama huitwa kwa jina la mwanawe. Akatuletea mbuzi mweupe, sikio moja jeusi, aliyezaa si zamani, maziwa tele. Nikakunywesha kwa kitambaa kilichochovywa, ukakinyonya kitambaa mpaka kikalia. Ukanenepa uso.

Mbuzi tulimfunga uani na tukamlisha kitajiri, au ndivyo tulivyodhani. Pumba za mchele, maganda ya muhogo, chicha la nazi likishakamuliwa tui. Mashavu yake yalijaa. Bibi akasema, "Mbuzi wa Kakuyuni amekuwa bibi wa mjini." Miezi ya kwanza maziwa yalikuwa mazito, yakiacha utando kwenye bakuli. Baadaye yakawa mepesi, na nikaona mbuzi ana tabia mpya.

Alikuwa akilamba ukuta. Upande ule ule wa kisima. Mvua za miaka miwili zilikuwa zimekwisha kuosha shubiri ya Bibi, na mbuzi alilamba, kisha akatia meno, mpaka pakawa na shimo la kuingia ngumi. Nikampiga kwa ufagio. Akarudi. Nikampiga tena.

Kisha nikaenda nikachukua shubiri, nikailoweka, nikaupaka ukuta.

Hakuna aliyenituma, Mwanaheri. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa nimemzika dada yangu, na mkono wangu ulikwenda juu na chini kwenye ukuta ule bila moyo wangu kuniambia neno. Nilikuwa naifikiria chokaa tu, kwamba itaharibika.

Mbuzi alikuwa na mimba. Aliposhikwa na uchungu alizaa vizuri, tukafurahi, na saa chache baadaye akapiga magoti. Akatetemeka mwili mzima. Shingo ilimpinda ubavuni na macho yakakaa wazi. Na kile kitoto chake, kizuri, cheusi, kilijaribu kusimama na miguu ikaenda upande mmoja kama utambi uliolowa. Kikajaribu tena. Nilikaa nikikitazama, na wewe ulikuwa kando yangu umekaa vile vile, maana ulikuwa umetimiza miaka miwili na hutembei. Ulikuwa ukijikokota kwa makalio. Vifundo vya mikono yako vilikuwa vimevimba na miguu yako imepinda kama upinde wa kuwindia. Tulikuwa tumekwisha kukufunga hirizi mbili.

Siku ya pili Mekadzo akaja na kuni zake. Akapiga hodi, akaingia, akamwona mbuzi, akautua mzigo bila kuamkiana. Alimpapasa mbuzi mgongoni mpaka mkiani. Akainua kitoto, akaminya miguu yake. Kisha akaona weusi ukutani, akagusa kwa kidole, akaonja, akatema.

"Nani amepaka hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anaula ukuta."

Mekadzo akanitazama. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Mwanangu," akasema, "umemfunga mbuzi. Haendi, hachagui jani, halambi ardhi. Mbele ya uso wake kimebaki ukuta tu, nao umempaka shubiri."

"Anakula pumba. Anakula chicha. Anakula kuliko sisi."

"Pumba ni nzuri. Kuku wangu wanazipenda." Akakilaza kitoto chini. "Mbuzi mwenye mimba kwetu akianza kutafuna mifupa jalalani, hatumpigi. Twajua malisho yale yamekwisha, twamhamisha. Mtoto yumo tumboni anajenga mifupa. Mama asipopewa, atatoa yake. Akitoa mpaka basi, yeye aanguka na mtoto aja hivi."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuuliza. Nilimwuliza, "Na watu?"

"Watu wana nini?"

"Watu nao ni hivyo hivyo?"

"Kwani wewe huna mifupa?" akasema Mekadzo.

Nikaingia ndani nikakaa nyuma ya mlango. Nilimsikia akiita, akingoja maji ya kunywa, kisha akaenda zake. Sikumuaga. Kitoto cha mbuzi kilikufa siku ya tatu. Mama yake akasimama siku hiyo hiyo, kwa miguu ya kutikisika, na hata leo sijui kwa nini yeye alisimama na dada yangu hakusimama.

Wiki iliyofuata Mekadzo alirudi na kifuko cha udongo kutoka uwanda wanakopeleka mifugo yao, udongo wenye chumvi, mweupe juu kama umemwagiwa unga, na mzigo wa majani ya kunde. Akamwaga udongo mbele ya mbuzi, na mbuzi akaulamba kwa pupa mpaka nikaona haya, kama mtu aliyefungua chumba akakuta amemfungia mgeni humo siku tatu bila chakula.

Ukuta nikausugua kwa maji ya moto mpaka shubiri ikatoka. Kisha nikaanza kutoka nje.

Hilo kwako ni dogo, wewe uliyekua na miguu mibovu na mdomo mzuri. Kwangu lilikuwa kubwa. Nilivaa buibui nikaenda kwenye kinu cha ufuta, kule ngamia anakozunguka, kuomba mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka. Nilisimama. Mwenye kinu akaniuliza nataka nini, nikajibu, hakusikia, nikajibu tena. Akasema, "Paza sauti, bibi mdogo. Aliyezibwa masikio hapa ni ngamia." Watu wakacheka. Nikarudi nyumbani na mashudu, nikilia, na kesho yake nikaenda tena.

Mifupa ya samaki nilijifunza kwa mbuzi mwenyewe. Nilipoanza kumfungua, alikwenda moja kwa moja jalalani akachagua vichwa vya samaki, akavitafuna kama mtu anayetafuna miwa. Basi mifupa ya samaki wetu nikawa naichoma jikoni mpaka inakuwa myeupe, naitwanga, naichanganya na mashudu. Kidogo kwa siku. Akizidishiwa alikataa, akageuza kichwa. Mbuzi ana adabu kuliko sisi katika kula.

Mtaa ulipata la kusema. "Maziwa ya kwa Mishi yanuka pwani." "Mbuzi wa Mishi ala samaki, kesho ataomba na wali." Hilo la wali nililisikia nikiwa nyuma ya mlango nikacheka mwenyewe. Lakini walioacha kupokea bakuli la maziwa nililowapelekea walikuwa wengi, na Bibi aliona haya, akaniambia niache. Nikamwambia sitaacha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia Bibi neno hilo, na wote wawili tuligeuza vichwa kama watu waliosikia chombo kikivunjika chumba cha pili.

Kwako wewe nilikuwa mwoga zaidi. Mbuzi akifa ni mbuzi. Nilianza na dagaa, nikiwatwanga unga na mifupa yao, natia kijiko kwenye uji wako Bibi akiwa anasali. Mungu anisamehe wakati huo niliouchagua. Akanusa.

"Mishi, uji huu una nini?"

"Dagaa."

"Samaki kwa mtoto mdogo? Wataka apate minyoo?"

"Bibi," nikasema, "Zainabu hatukumpa samaki."

Bibi alikaa chini. Hakunusa uji wako tena. Baadaye nikaona anakuchagulia mchicha mwenyewe, anakuokea yai. Yeye na mimi hatujapata kulizungumza jambo hilo zaidi ya hapo, na nakuomba usilizungumze naye. Amelibeba kivyake.

Mwaka uliofuata mbuzi alizaa tena, kitoto cha kike, na kabla hajamaliza kulambwa alikuwa amesimama. Huyo ndiye Kidoti wako. Na wewe ulisimama mwaka huo huo, umemkumbatia mbuzi mkubwa shingoni. Alikwenda hatua tatu, nawe ukaenda naye, huna habari kwamba unatembea. Mimi ndiye niliyekuwa na habari.

Miguu yako haikunyooka yote. Wa kushoto bado umepinda kidogo, wewe wajua, watoto wamekwambia. Nakwambia nami ili usikie kwa anayekupenda: mguu huo umepinda kwa sababu miaka yako miwili ya kwanza nilikupa maziwa ya mbuzi niliyemnyima. Hakuna jicho la mtu. Hakuna aliyekuroga. Ni mimi, kwa kutojua, kisha nikajua.

Sasa habari ya jana, maana wewe ulikuwa ukicheza nje na hukusikia.

Shangazi Rukia alifika na baba yako. Baba yako alibaki barazani na wageni wa kiume, yeye akaingia ndani, akala, akasifu wali, kisha akakuita akakutembeza mbele yake, akakutoa nje. Akamgeukia Bibi.

"Basi habari nilizozisikia ni kweli."

"Habari gani, Bi Rukia?"

"Mbuzi mla samaki. Dagaa kwenye uji. Udongo kutoka nyika. Na miguu ya mtoto ndiyo hiyo." Akacheka kidogo. "Mtoto wa kaka yangu hakulelewa, amefugwa."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mahali pangu. Nilingoja Bibi ajibu. Bibi alikuwa akitazama mkeka. Nikangoja Zainabu ajibu. Ni ajabu, miaka saba hii nikisemwa bado humngoja Zainabu ajibu. Kisha nikaona mkono wangu umefungua pazia.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba. Kumbe una miguu na wewe."

"Ni kweli nimemfuga," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini ilikuwa inatoka. "Laiti mama yake naye angefugwa. Mbuzi wetu alipoanguka, alikuja mtu akatuuliza tumempa nini. Zainabu alipoanguka hakuna aliyetuuliza amekula nini."

"Unanisuta mimi?"

"Najisuta mwenyewe. Wewe nakuomba. Kidoti ana mimba, aende na mtoto. Na mtoto asikatazwe samaki."

"Kwetu kuna maziwa ya mkebe, ya dukani kwa Mhindi. Matamu, hayanuki. Na mtoto wa kike anayekula kama paka hatapata mume."

"Akipata mume atapata mimba," nikasema, "na hapo ndipo ninapopaogopa."

Akasimama akaita kaka yake. Nadhani alitaka nirudi nyuma ya pazia, maana alijua sijapata kusimama mbele ya baba yako. Sikurudi. Magoti yalikuwa yakinigonga chini ya kanga, nikashika ukingo wa mlango. Baba yako akaingia, akaona nyuso zetu, akavua kofia akaivaa tena.

"Shemeji," nikamwambia, "Zainabu alikuwa akila chokaa ya ukuta wa uani. Uliwahi kumwona?"

Shangazi yako akasema, "Maneno gani haya?"

Baba yako akamzuia dada yake kwa mkono. "Nilimwona," akasema. "Nilicheka. Nilimwambia atanimalizia nyumba kabla sijaijenga."

"Mimi nilimsemea kwa Bibi. Tukaupaka shubiri."

Alikuwa halijui hilo. Nililiona likimwingia. Nilingoja anitukane, na ningelipokea. Akaketi juu ya kizingiti pale pale, mtu mzima na kanzu yake, akatazama ua. Mwishowe akasema, "Mbuzi aende."

"Salimu, punda ni watatu na mizigo imejaa," akasema shangazi yako.

"Mbuzi ana miguu."

Basi, Kidoti anakwenda. Lakini najua nyumba, na najua mashangazi, na zitakuwapo siku nyingi baba yako hayupo, na Idi itafika, na wageni watafika, na mbuzi mnene ni mbuzi mnene. Pengine mwaka hautaisha kabla hajawa mchuzi. Ikiwa hivyo usilie sana. Mbuzi ni njia, na wewe unayo macho. Utakapopikiwa, tazama. Watakapokwambia hiki si cha mwanamke, uliza ni nani alikula akafa, na ni nani alinyimwa akafa. Uliza kwa adabu. Uliza ukiwa unatetemeka, kama mimi. Kutetemeka hakuzuii maneno kutoka, nimeligundua jana, na nimekasirika kwamba ilinichukua miaka kumi na tisa.

Sikwambii ule kuta. Siku ukiona unautamani ukuta, au udongo, au majivu, jua kwamba kuna kitu unakikosa na mwili wako unakiulizia pasipo pake. Wasikucheke. Na wewe usijicheke. Mtafute mtu atakayekupa samaki na mifupa yake laini, na maziwa, na mboga za majani, na ukikosa mtu jitafutie. Ukiona mwingine anafanya hivyo, wifi yako, mtumishi, jirani, usiende kumsemea. Mpelekee chakula.

Mkunga amenitazamia nyonga zako mwaka huu. Nilimwomba, akanicheka, akatazama. Anasema bado ni mapema kujua kama zitapitisha mtoto. Kwa hiyo hatujui. Labda nilikuwahi, labda sikukuwahi. Hilo ndilo linaloniamsha, si safari ya kesho. Watu wanasema nakulilia kwa sababu sina mtoto wangu. Waache waseme. Najua ninachokililia.

Watakuoza, Mwanaheri. Sijui lini wala kwa nani, na hakuna atakayeniuliza. Siku utakayojua una mimba, usingoje siku ishirini wala thelathini, siku ile ile mtafute mtu yeyote anayekuja huku, msafiri, mchuuzi, mwanachuo, umwambie neno moja tu, "Mwambieni Mishi." Nitaelewa. Nitakuja kwa miguu kama hakuna punda. Ikiwa mlango wa mumeo umefungwa nitakaa barazani mchana mbele ya wanaume wote wanitazame, mimi huyu. Nitakupikia kwa mikono yangu mpaka siku yako ifike, na mama mkwe wako na miiko yake, na Shangazi Rukia, na bwana mwenyewe, wakitaka kukunyima tonge watanikuta nimekaa kati yao na sahani yako. Nikifukuzwa nitarudi. Nikitukanwa nitajibu, taratibu, kwa sauti ndogo, mpaka wachoke.

Kwa la dada yangu namwomba Mungu radhi kila siku. Kwa haya mengine simwombi mtu.

Nasikia sauti yako kwenye kipenu cha jirani, unabishana na Bibi kuhusu viatu. Naacha hapa.

Ni mimi niliyekulea, asiyekuzaa,
Mishi